Sakafu ya Nyumba ya Wazee Wetu

Nyumba tuliyozaliwa ipo Kiponda, ndani ya Mji Mkongwe wa Unguja, katika uchochoro ambao watu wawili wakikutana mmoja hana budi kugeuza bega ampishe mwenzake. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, dari yake ni ya boriti za mikoko, na ukumbi wake wa chini umetandikwa vigae vya saruji vyenye maua ya rangi nne: nyekundu ya tofali, nyeusi, kijivu, na njano iliyopauka. Marehemu baba yetu alivikuta vigae hivyo siku aliponunua nyumba. Alipofariki, nyumba ikawa mirathi yetu sote: mama yetu, ambaye Alhamdulillah bado tunaye, na sisi watoto wake wanne, wanaume wawili na wanawake wawili.

Tunaandika haya si kwa kuwa sisi ni mafundi. Tunaandika kwa kuwa tulikosea, na kosa letu lilimwangusha mama. Tunaamini zipo familia nyingi za Kiislamu, hapa Unguja, Mombasa, Lamu na Tanga, zinazoishi juu ya sakafu za kale na kujiuliza kila mwaka, inapokaribia Ramadhani au harusi, wazifanyeje. Huenda kosa letu likawaepusha wengine.

Ilikuwa mwezi wa Shaabani. Binti wa kaka yetu mkubwa alikuwa anaolewa, na ikakubaliwa kwamba wanawake wakutane nyumbani kwa bibi yake. Siku kumi kabla ya ndoa tuliitazama sakafu ya ukumbi kwa macho ya wageni, tukaona haya. Maua yake yalikuwa yamefifia chini ya utando wa uchafu wa miaka. Kando ya kuta palikuwa na unga mweupe mfano wa chumvi, ambao ukifagiwa leo hurudi kesho kutwa. Katika viungo vya vigae palikuwa peusi. Hatukusema, “Tuisafishe.” Tulisema, “Lazima ing'ae.” Baadaye tulikuja kutambua kwamba maneno hayo mawili si kitu kimoja.

Tulikwenda kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Muuzaji, kwa nia njema bila shaka, akatupa asidi na kutuambia tuichanganye na maji, tuimwage na tusugue. Baada ya hapo tupake vanishi mikono miwili. Tulifanya kama tulivyoelekezwa. Asidi ilipogusa vigae ilitoa povu jeupe, nasi tukafurahi kwa kudhani povu lile ni uchafu unaotoka. Tulisuuza, tukaiacha sakafu usiku mmoja, asubuhi yake tukapaka vanishi kwa kuwa siku zilikuwa zimekwisha. Ukumbi ukawa kama maji ya birika. Wageni walisifu sana, na sifa zile zilituingia.

Siku ya nne baada ya harusi, alfajiri, mama alitoka kuchukua udhu akapita ukumbini na miguu iliyolowa, kama alivyopita kwa zaidi ya miaka arobaini. Mguu ulimteleza. Aliangukia mkono wa kulia, na kifundo kikavunjika. Ramadhani iliingia akiwa amefungwa plasta, hawezi kukiweka kiganja chake chini katika sijda. Kila tulipomwona akiswali hali ile mkono ameushika kifuani, hakuna kati yetu aliyekuwa na la kusema.

Kabla mwezi haujafika nusu, vanishi nayo ikaanza kutusuta. Ilibadilika kuwa nyeupe kama jicho lenye mtoto wa jicho, ikafanya malengelenge, kisha ikabanduka vipande vipande. Pale ilipobanduka, kigae kilikuwa kimekwaruzika na rangi yake imekufa. Kaka mkubwa, ambaye uchungu wa mama ulimuuma zaidi kwa kuwa harusi ilikuwa ya bintiye, alisema ving'olewe vigae vyote na kuwekwa vipya vya kisasa, na gharama yote ataibeba yeye. Dada mdogo alikataa. Nyumba ni mali ya shirika, na mali ya shirika haigeuzwi bila ridhaa ya wenye hisa wote. Tukawa tunakutana kwa futari na kuachana kwa mabishano, ndani ya mwezi ambao haukuwa wa mabishano.

Mama ndiye aliyetunyamazisha. Alisema, “Mmemuuliza muuza duka, mmemuuliza jirani. Mimi niliyeideki sakafu hii tangu nilipoingia nikiwa bibi harusi, hamkuniuliza.” Kisha akatueleza alichokuwa akifanya: kufagia kwanza mchanga wote, kusugua kwa nusu ya kumbi la nazi na sabuni kidogo ya kipande, kusuuza kwa maji safi mara mbili, na kukausha kwa kitambaa. Akaongeza, “Sakafu hii haikuwekwa itazamwe, wanangu. Imewekwa ikanyagwe.” Alipoanza kuumwa magoti miaka michache iliyopita aliacha kuinama, na sisi tukaanza kupitisha kitambaa chenye maji machafu yale yale ukumbi mzima. Utando tulioudharau tuliutandika wenyewe.

Baada ya Idi, katika Mfunguo Mosi, tulimwita mzee mmoja fundi aliyefanya kazi miaka mingi katika nyumba za Mji Mkongwe. Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuchovya kidole katika maji na kudondosha tone juu ya kigae kilichokuwa kimetokwa na vanishi. Tone likanywewa papo hapo, pakabaki doa jeusi. Akadondosha jingine juu ya vanishi iliyobaki. Hilo likakaa juu kama ushanga. “Mnaona?” akasema. “Hiki kina kiu. Hicho mmekiziba mdomo.”

Alitufundisha kwamba vigae vya namna hii havikuchomwa katika tanuri. Ni vya saruji, vilivyoanza kutengenezwa Ulaya katikati ya karne ya 19 na kuonyeshwa kwenye Maonyesho Makubwa ya Paris mwaka 1867, kisha vikaenea katika miji ya bandari duniani. Fundi wa zama hizo alimimina rangi zilizochanganywa na saruji laini katika kalibu ya chuma yenye vijumba vya maua, akaitoa kalibu, akajaza saruji kavu na mchanga nyuma yake, kisha mashine ikakandamiza kwa nguvu. Rangi ile si mchoro wa juujuu. Ni tabaka la milimita chache lililo sehemu ya kigae chenyewe. Ndiyo maana maua yake hustahimili nyayo za vizazi. Na ndiyo maana asidi ni adui yake mkubwa, kwa sababu asidi hula saruji na chokaa. Lile povu lililotufurahisha halikuwa uchafu unaotoka. Ilikuwa gesi inayotoka wakati kigae chenyewe kikiliwa.

Aliongeza kwamba siki na ndimu, ambazo wengi wetu huziona dawa za asili zisizo na madhara, ni asidi pia. Juu ya saruji, chokaa au marumaru huacha kovu lile lile, ila polepole zaidi. Akatuonya jambo la hatari kuliko yote, nasi tunalirudia kwa ajili ya akina mama na mabinti wanaosafisha katika vyumba vilivyofungwa: usichanganye kamwe dawa ya kung'arishia nguo nyeupe na asidi yoyote. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, nayo huunguza macho na mapafu na inaweza kuua.

Na ule unga mweupe? Nyumba zetu za mawe hazina kizuizi cha unyevu chini ya misingi. Maji ya ardhini hupanda ndani ya chokaa na vigae kama mafuta yanavyopanda katika utambi wa koroboi, yakibeba chumvi. Yakifika juu hugeuka mvuke na kwenda zake, chumvi ikabaki. Kwa hiyo unga ule si ugonjwa wa kigae. Ni nyumba inapumua. Sisi tulikuja na vanishi tukaifunga pumzi. Unyevu ukakwama chini yake, chumvi ikakua humo, na hatimaye ikaiinua vanishi na kuchukua uso wa kigae pamoja nayo.

Kaka mkubwa aliyasikiliza yote haya akiwa amekaa kwenye baraza, mgongo kaupa ukuta. Fundi alipomaliza, alimuuliza kama vigae vipya havingekuwa salama zaidi kwa mama. Mzee akajibu kwamba vile vya kisasa vinavyong'aa huteleza vikilowa kama ilivyoteleza vanishi, na kwamba unyevu ukizibwa katikati ya chumba huhamia kutani. Kisha akamkumbusha kwamba Mji Mkongwe uliandikwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na kwamba ujenzi na ukarabati humu ndani una Mamlaka yake, iliyoanzishwa 1985, ambayo mwenye nyumba hupaswa kuiendea kabla ya kubomoa. Kaka hakusema kitu. Siku ya pili alikuja amevaa kikoi na shati kuukuu, akachukua brashi.

Kazi ilituchukua Mfunguo Mosi wote na sehemu ya Mfunguo Pili, kwa siku tulizopata nafasi. Tunaieleza kwa mpangilio kwa kuwa mpangilio ndio uliotuponya.

Kwanza tulifagia, kisha tukafagia tena. Mchanga wa pwani ni msasa. Ukisuguliwa na maji hukwaruza vigae. Tulijaribu kila dawa katika pembe iliyo nyuma ya mlango, tukasubiri siku nzima kuona matokeo, kabla ya kuigusa sakafu penye macho. Kuitoa vanishi tulitumia dawa iliyotengenezwa kwa ajili hiyo na isiyo na asidi, madirisha yakiwa wazi na mikono ndani ya glavu, tukikwangua kwa kipande cha plastiki. Fundi alikataza brashi ya waya na mashine ya kusaga, kwa kuwa vyote viwili huondoa ua pamoja na uchafu.

Kisha tukaosha. Tuligawa ukumbi katika viwanja vya mita moja ya mraba, tukamaliza kimoja kabla ya kuingia cha pili. Maji ya vuguvugu, sabuni laini isiyo kali, brashi ya nailoni. Viungo vilisuguliwa kwa mswaki wa kawaida. Siri kubwa ilikuwa kutoyaacha maji machafu yakauke juu ya sakafu: tuliyakusanya kwa sponji mara moja, tukasuuza kwa maji safi, tukakusanya tena, tukasuuza mara ya pili. Ndoo ilibadilishwa kila kiwanja. Maji ya kwanza yalitoka meusi kama kahawa, na hapo tukaelewa kwamba kwa miaka kadhaa tulikuwa tukihamisha uchafu tu, kutoka pembe hii kwenda ile.

Vigae saba vilivyotoa mlio mtupu vilipogongwa kwa mpini wa nyundo, fundi alivinyanyua, akavilaza upya juu ya chokaa na mchanga. Hakutumia saruji tupu, kwa kuwa ni ngumu na kavu mno kwa nyumba laini kama hizi.

Baada ya hapo tulisubiri, na hii ndiyo hatua tuliyoiruka mara ya kwanza. Madirisha yaliachwa wazi na feni ikawashwa kwa wiki tatu. Unga mweupe ulipojitokeza tuliufagia kwa brashi kavu bila kuumwagia maji, kwa maana maji huurudisha ndani. Fundi alitupa kipimo chepesi ambacho familia yoyote inaweza kukitumia: chukua kipande cha plastiki angavu cha nusu mita kwa nusu mita, kibandike sakafuni kwa utepe pande zote nne, ukiache usiku kucha hadi mchana wa pili. Ukikuta matone ya maji chini yake, sakafu bado imelowa, usipake kitu. Sisi tulijaribu mara nne. Mara tatu za kwanza tulikuta matone.

Plastiki ilipokuwa kavu ndipo tukapaka dawa ya kulinda sakafu, ile ya aina inayozama ndani ya vinyweleo vya kigae na kuacha mvuke upite. Hii haiweki utando juu kama vanishi. Ilipakwa kwa kitambaa, nyembamba, na baada ya dakika chache kila kilichobaki juu kilifutwa kabla hakijakauka. Mkono wa pili ulipakwa siku iliyofuata. Haing'ai. Tone la maji sasa hukaa juu yake muda wa kutosha kufutwa, na mguu uliolowa hushika. Tulihakikisha hilo wenyewe, mmoja baada ya mwingine, kwa miguu iliyochovywa katika beseni, kabla mama hajaruhusiwa kupita.

Katika siku hizo lilizuka swali jingine, nalo ni la tahara. Ukumbini wapo wajukuu wadogo, na mtoto mdogo hana miadi. Ikiwa kigae kinakunywa kila tone, je, sakafu ile iliwahi kutahirika? Tulimuuliza ustadhi wa msikiti wetu. Alitukumbusha kisa kinachojulikana cha bedui aliyekojoa katika msikiti wa Mtume (s.a.w.) mjini Madina. Masahaba walimjia juu, Mtume (s.a.w.) akawaamuru wamwache amalize, kisha pakamiminwa ndoo ya maji mahali pale. Sakafu ya msikiti ule ilikuwa udongo wenye kunywa maji kuliko kigae chochote. Hivyo, akasema ustadhi, iondoeni kwanza najisi yenyewe, pakaushwe, kisha mimineni maji safi juu ya mahali pale mpaka rangi na harufu viondoke. Dini haikututaka tukimbilie asidi.

Lakini alitutanabahisha kuhusu desturi iliyoenea majumbani, nasi tulikuwa miongoni mwa wenye nayo. Mtu huchovya kitambaa katika ndoo, hufuta mkojo wa mtoto, hukirudisha kitambaa ndani ya ndoo ile ile, kisha huendelea kudeki nyumba nzima. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo wengi wetu pwani tunayafuata, maji machache yakiingiwa na najisi hunajisika. Anayefanya hivyo hatahirishi nyumba, anaisambaza najisi. Nyumba itanukia manukato ya dukani na itang'aa, na pengine hapafai kuswaliwa bila kutandika mswala.

Tulitoka kwa ustadhi tukiwa kimya. Mambo mawili tuliyokuwa tukiyafikiria mbalimbali, ushauri wa fundi wa kubadilisha ndoo kila kiwanja na hukumu ya tahara, yalikuwa yamekutana katika ndoo moja. Na mama, bila kuwa fundi wala ustadhi, alikuwa akiyatimiza yote mawili kwa kumbi la nazi na maji ya kusuuza mara mbili.

Kuhusu gharama, tulipiga hesabu mwishoni. Asidi, vanishi, matibabu ya mama, dawa ya kuitoa vanishi na ujira wa fundi: zaidi ya nusu ya fedha hizo zilikwenda kurekebisha uharibifu wetu wenyewe. Mwenyezi Mungu hawapendi wafanyao israfu. Tulikuwa tunadhani israfu ni chakula kinachomwagwa baada ya karamu. Kumbe kuharibu kilicho kizima ili kipendeze machoni pa wageni wa siku moja ni israfu pia, na nafsi zetu zinajua kama hapakuwa na riya ndani yake.

Wale walio na sakafu kama hii tunawanasihi kwa machache. Wawekeni mkeka mzito mlangoni, na iendelezeni desturi ya kuvua viatu nje. Hakuna dawa inayolinda kigae kuliko hiyo, kwa kuwa mchanga hauingii. Fagieni kila siku, dekini kwa sabuni laini na suuzeni. Msipake kitu chochote juu ya sakafu iliyolowa, hata harusi iwe kesho. Tone la maji lidondosheni mara moja kwa mwaka, litakuambieni kama dawa imekwisha. Na kabla ya kumuuliza muuza duka, muulizeni aliyeideki sakafu hiyo kabla yenu, maadamu yu hai.

Mkono wa mama umeunga, Alhamdulillah, ingawa kifundo bado humuuma wakati wa baridi ya kusi. Karibu na mlango wa mbele pamebaki vigae kumi na moja ambavyo asidi iliviharibu zaidi. Maua yake hayaonekani tena na uso wake umekuwa kama ngozi iliyoungua. Fundi alisema vinaweza kutafutwa vingine vya kufanana navyo. Kaka mkubwa ndiye aliyesema viachwe. Kila Ijumaa, baada ya swala, yeye ndiye anayevifagia.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu baba yetu, ampe mama afya njema na mwisho mwema, na atujaalie kuzitunza amana tulizoachiwa. Wallahu a'lam.